Tathmini ya Temu: duka linalokuchezesha kabla ya kukuuzia

Programu ya Temu hufanya jambo ambalo maduka mengi ya mtandaoni huona aibu kulifanya waziwazi: kabla mteja hajaandika anachokitafuta, humwekea gurudumu la bahati katikati ya skrini na kumtaka alizungushe. Gurudumu husimama, rangi humwagika, na mteja hupongezwa kwa kujishindia fungu la kuponi ambalo thamani yake imeandikwa kwa tarakimu kubwa, huku saa ndogo chini yake ikianza kuhesabu dakika kurudi nyuma. Tathmini hii haitazungumzia sana uimara wa soksi au mwanga wa taa zinazouzwa humo, kwa sababu vitu hivyo hutengenezwa na kuuzwa na wafanyabiashara maelfu kwa maelfu, na ubora wake hutofautiana kama wao wanavyotofautiana. Kitu ambacho Temu yenyewe imekitengeneza ni michezo, na hicho ndicho kinachostahili kupimwa, hasa na mtu mwenye kijana nyumbani aliyepata kadi yake ya kwanza ya benki.

Chimbuko la mtindo huu linajulikana vizuri. Temu ni mali ya PDD Holdings, kampuni inayomiliki pia Pinduoduo, duka la mtandaoni lililoanzishwa nchini China mwaka 2015 na Colin Huang, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Google na ambaye, kabla ya Pinduoduo, alikuwa ameshaendesha kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta. Pinduoduo ilipoingiza hisa zake kwenye soko la Nasdaq mwaka 2018, Huang aliwaandikia wawekezaji kwamba anaiona kampuni yake ikiwa muungano wa Costco na Disneyland, yaani ghala la bei nafuu lililofungwa pamoja na kiwanja cha burudani. Hakuwa anatania. Ndani ya Pinduoduo ikapandwa bustani ya matunda, ambamo mtumiaji humwagilia mti wa kuchorwa kwa maji anayoyachuma kwa kupitia kurasa za bidhaa, kwa kununua na kwa kuwaalika jamaa zake, na mti ukikomaa hupelekewa nyumbani sanduku la matunda ya kweli. Watu wakazoea kuingia dukani kila siku kwa ajili ya kumwagilia, na mtu anayeingia dukani kila siku hahitaji hoja nyingi ili siku moja anunue. Temu ilipozinduliwa Marekani Septemba 2022, kisha ikafika Uingereza na Ujerumani mwezi Aprili mwaka uliofuata, ilikuja na elimu hiyo yote pamoja na kaulimbiu ya kumwalika mteja anunue kama bilionea. Kufikia Septemba 2024 ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 92 kwa mwezi katika Umoja wa Ulaya peke yake.

Tumchukue mwanafunzi wa chuo mjini Leicester au Hamburg anayetafuta waya wa kuchajia simu. Anafungua programu, anazungusha gurudumu, anapewa kuponi, kisha anaupata waya wake kwa bei ambayo haifiki nauli ya basi. Anauweka kwenye kapu na kutaka kulipa. Hapo anaambiwa kwamba oda yake haijafikia kiwango cha chini, kwa kuwa katika nchi nyingi Temu haipokei oda ya thamani ndogo kabisa, na papo hapo anafunguliwa safu ya vitu vidogo vidogo vya kumsaidia kujazia. Anaongeza kishikio cha simu. Sasa kiwango kimetimia, lakini kuponi yake inataka kiasi kikubwa zaidi kidogo ili ifanye kazi, kwa hiyo anaongeza jozi tatu za soksi na utepe wa taa za kubandika ukutani. Ile saa bado inahesabu. Anapolipa hatimaye, amenunua vitu vinne wakati haja yake ilikuwa kitu kimoja, na katika kila hatua alihisi kwamba anaokoa fedha. Hakuna aliyemdanganya kuhusu bei ya soksi. Kilichobadilishwa ni swali lililokuwa kichwani mwake: aliingia akijiuliza anahitaji nini, akatoka akijiuliza atapoteza nini asipoendelea.

Kuponi zenyewe zinastahili kutazamwa kwa karibu. Ile jumla kubwa inayotangazwa gurudumu linaposimama kwa kawaida si punguzo moja la kutumia mara moja; ni mkusanyiko wa kuponi kadhaa, kila moja ikiwa na kiwango chake cha manunuzi na muda wake wa kuisha. Mtu anayetaka kuitumia jumla yote aliyopongezwa kwa kuishinda hulazimika kununua mara nyingi na kwa kiasi ambacho hakukipanga. Mtu mzima aliyezoea kusoma masharti ataligundua jambo hili kwa dakika moja na kucheka. Kijana wa miaka 17 anaiona ile tarakimu kubwa kuwa fedha yake iliyokwisha kuingia mfukoni, na fedha iliyo mfukoni huuma inapopotea. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikwisha kuonyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza humsukuma mwanadamu kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile, na sidhani kuna duka lililoutumia ugunduzi huo kwa bidii kama hili.

Mchezo wenye ustadi mkubwa kuliko yote humo ni Fishland. Mteja huchagua zawadi anazozitaka, akaahidiwa kuzipata bila malipo atakapomlisha samaki wake hadi akue. Chakula cha samaki hupatikana kwa kuingia kila siku, kutazama bidhaa, kuwaalika marafiki wapya na kuagiza vitu. Mwanzoni samaki hula vizuri na mstari wa maendeleo hupanda kwa kasi ya kutia moyo. Kadiri mwisho unavyokaribia, mlo uleule humsogeza samaki kidogo zaidi, na watumiaji wengi wamesimulia hadharani jinsi hatua za mwisho zinavyozidi kuwa finyu mpaka mtu aamue ama kununua kitu ili apate chakula kingi kwa mkupuo, ama kukubali kwamba wiki zake za kulisha zimekwenda bure.

Nguvu ya mstari ule ilipimwa kabla Temu haijazaliwa. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio walilofanya katika sehemu ya kuoshea magari nchini Marekani: wateja 300 walipewa kadi za kugongwa mihuri, wengine kadi ya mihuri 8 isiyo na kitu, wengine kadi ya mihuri 10 ambayo miwili ilikuwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ileile, kuosha gari mara nane. Waliopewa kadi tupu waliomaliza walikuwa asilimia 19. Waliopewa kadi iliyoanzishwa walikuwa asilimia 34. Mtu akipewa hisia kwamba ameshaanza safari, huona vibaya kurudi. Ndiyo sababu katika michezo ya Temu hakuna anayeanzia sifuri; zawadi ya kwanza huja kabla ya jasho lolote, na mstari hujaa zaidi ya nusu kabla mtu hajajua anachokifanya.

Uhusiano wa mstari huo na ukweli nao uliwahi kufikishwa mahakamani, ingawa ilikuwa kwa duka dada. Wakili mmoja nchini China aliishitaki Pinduoduo kuhusu mchezo wa kuwaalika watu wakusaidie kupunguza bei hadi bidhaa iwe ya bure. Alialika watu kwa makumi, skrini ikaendelea kumwambia kwamba imebaki chini ya asilimia moja, na ile asilimia haikuisha. Maelezo ya upande wa kampuni yalikuwa kwamba tarakimu nyingine za baada ya nukta hazikuonyeshwa kwenye skrini. Mahakama mjini Shanghai iliamuru alipwe yuan 400. Ni fedha ndogo mno, lakini maelezo yale ya nukta ni ya thamani kubwa kwa mtu yeyote anayetaka kujua samaki wake amebakiza milo mingapi.

Kuhusu gurudumu lenyewe, elimu yake ni ya zamani zaidi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner, akifanya kazi na njiwa na panya katika karne iliyopita, aliona kwamba mnyama anayepata punje kwa mpangilio asioweza kuutabiri hudonoa kwa bidii na kwa muda mrefu kuliko anayepata punje kila anapodonoa. Mashine za kamari zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Gurudumu la Temu limeikopa sura tu, kwa sababu hapa mchezaji karibu kila mara hushinda kitu, na ushindi huo ndio mwanzo wa kutumia.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba biashara zote huchombeza, na ni kweli. Muuzaji wa Kariakoo naye atakuambia imebaki moja, na kwamba hiyo bei ni ya asubuhi tu. Lakini unaweza kuchungulia rafu iliyo nyuma yake ukahesabu zilizobaki, unaweza kuondoka hatua kumi akakuita kwa bei nyingine, na kesho hatakumbuka kwamba ulisita mbele ya viatu vya rangi gani. Duka la kwenye simu linakumbuka. Kapu ulilolitelekeza jioni hukutumia arifa asubuhi, likikujulisha kwamba bei ya kitu kilekile imeshuka au kwamba kinakaribia kwisha, na hakuna rafu ya kuchungulia ili kujua kama ni kweli.

Suala hilo la ukweli ndilo lililowaamsha wasimamizi wa Ulaya. Mei 2024 shirikisho la vyama vya watumiaji la Ulaya, BEUC, liliwasilisha malalamiko dhidi ya Temu kwa Tume ya Ulaya, na vyama vya nchi mbalimbali vikafanya hivyo kwa mamlaka za kwao. Tarehe 31 Oktoba 2024 Tume ikafungua uchunguzi rasmi chini ya sheria ya huduma za kidijitali, na miongoni mwa mambo iliyoyataja ni ubunifu unaoweza kuleta uraibu, ikiwemo zawadi za mtindo wa michezo. Siku chache baadaye, tarehe 8 Novemba, Tume pamoja na mtandao wa mamlaka za kulinda watumiaji ziliitaka Temu iyarekebishe mambo kadhaa yaliyoonekana kukiuka sheria: mapunguzo yasiyo ya kweli, kumsukuma mteja kwa madai ya uongo kuhusu akiba iliyobaki au muda wa mwisho wa kununua, tathmini za wateja zenye mashaka, na kumlazimisha mteja kucheza, yaani kumtaka azungushe gurudumu kabla ya kuingia sokoni huku masharti ya zawadi yakifichwa. Julai 2025 Tume ilitoa matokeo ya awali kuhusu bidhaa zisizo halali, na ikasema uchunguzi wa upande wa uraibu unaendelea. Kampuni inayokutwa na hatia chini ya sheria hiyo inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote.

Kwamba wasimamizi wanaweza kufika mbali, TikTok wanalijua. Aprili 2024 walileta Ufaransa na Hispania programu ya TikTok Lite yenye mpango wa kuwapa watu alama za kubadilisha na zawadi kwa kutazama video, kupenda na kualika marafiki. Tume ilifungua uchunguzi mwezi huohuo, na kufikia Agosti 5 kampuni ilikuwa imefungwa na ahadi ya kisheria ya kuuondoa mpango huo Ulaya nzima na kutourudisha. Temu haijafikishwa hapo, na ni haki kusema kwamba tofauti ipo: mtu anayelisha samaki walau anaweza kuishia kupata kitu cha kushika mkononi.

Kwa nini vijana hasa? Jibu la haraka ni kwamba hawajafundishwa kushika fedha, na silioni kuwa jibu la kutosha, kwa kuwa wapo watu wa makamo wanaolisha samaki usiku. Kijana ana mambo matatu ambayo mchezo huu umeyalenga. Ana muda wa vipande vipande, kwenye basi au kati ya vipindi, ambao unatosha kuzungusha lakini hautoshi kufikiri. Pili ana marafiki, na mwaliko wa rafiki haukataliwi kirahisi: anayekuomba ubonyeze kiungo ili apate zawadi yake anakuomba fadhila, si kununua, na ukishabonyeza umeshafunguliwa mchezo wako mwenyewe. Kisha kuna njia za kulipa zinazouweka uchungu mbali. Katika nchi nyingi za Magharibi Temu hupokea malipo ya awamu kupitia kampuni kama Klarna, na bidhaa ya bei ndogo iliyokatwa mafungu huacha kabisa kuonekana kuwa ni matumizi.

Hapo ndipo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, hata asiyewahi kuifungua Temu, anapopaswa kutega sikio. Huku kwetu deni dogo la papo kwa hapo limeshaingia ndani ya pochi ya simu: Safaricom ilizindua Fuliza Januari 2019 ili mteja aweze kukamilisha malipo ya M-Pesa hata salio lisipotosha, na Vodacom Tanzania wana Songesha inayofanya kazi ya namna hiyo. Huduma hizi zimewaokoa watu wengi kwenye nauli na dawa. Zikiunganishwa na duka lenye saa inayohesabu, kile kizuizi cha mwisho kilichokuwa kikimlinda kijana, yaani kutokuwa na hela, kinaondoka. Mchezo wenyewe hautakuwa mgeni, maana vijana wameshazoea kutazama ndege ya Aviator ikipaa na kuanguka kwenye programu za kubashiri. Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Gurudumu la duka, hata hivyo, halihesabiwi kuwa kamari, kwa sababu anayelizungusha haweki dau lolote mezani. Fedha yake hutoka baadaye, kwa jina la manunuzi, na sioni msimamizi wa kamari atakavyoligusa kwa sheria za namna hiyo.

Haitakuwa tathmini ya haki nisipotaja yanayofanyika vizuri. Bei za vitu vidogo vya nyumbani na vya ufundi ni za chini kweli, kwa kuwa mzigo mwingi unatoka kwa muuzaji hadi mlangoni bila madalali wa katikati. Utafutaji ni wa haraka, picha ni nyingi, na mzigo hufuatiliwa hatua kwa hatua. Masharti ya kurudisha bidhaa ndani ya siku 90, na urejeshaji wa kwanza wa kila oda ukiwa bila malipo, ni mapana kuliko ya maduka mengi ya Ulaya. Fundi anayehitaji vichwa vya bisibisi mia, au mwalimu anayetafuta stika za darasa zima, atahudumiwa vizuri. Kinachonisumbua ni kwamba mtu huyo mwenye orodha mkononi ndiye mteja ambaye programu inajitahidi sana kumvuruga. Duka lenye bei kama hizo lingeweza kujiuza lenyewe. Kwamba bado linaona haja ya kukushikisha gurudumu kunanifanya niamini kwamba faida inayotafutwa imo katika vile vitu ambavyo hukuvikusudia.

Kwa mtu mzima anayejua anachokitaka, naipa Temu alama tatu kati ya tano, kwa sharti kwamba aingie kupitia kivinjari badala ya kupakua programu. Gurudumu linaweza kumtokea hata huko, lakini alifunge, aandike jina la kitu kwenye sehemu ya kutafutia, na akikuta oda haijafikia kiwango cha chini asubiri mpaka awe na haja nyingine ya kweli. Kwa kijana aliye chini ya miaka 18 naipa alama moja. Ikiwa programu imo tayari kwenye simu yake, kuifuta kwa nguvu kutazua ugomvi usio na maana, kwani ataipakua upya kesho kwa kiungo cha rafiki na kupewa kuponi za mteja anayekaribishwa tena. Afadhali kukaa naye kwa dakika chache, kuzima arifa zote katika mipangilio ya simu, kuiondoa kadi ya benki iliyohifadhiwa humo ili kila malipo yahitaji kuandikwa tarakimu upya, kisha kufungua historia ya oda na kumwacha aisome mwenyewe, oda moja baada ya nyingine, akitaja ni kitu gani katika kila kifurushi alichokuwa amekifuata.